Kapita na matembezi ya saa kumi na mbili



Wengi kati yenu mmekwisha kukutana na Kapita kwenye avenyu, ama ndani ya sufuria zenu. Kwa wale ambao hawajamjua: Kapita ni paka dume, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, rangi kamili ya Mazembe, na hiyo peke yake imemletea marafiki na maadui hapa Kamalondo. Kuna baba mmoja jirani, mtu wa Lupopo tangu ujana wake alipofanya kazi ya reli, ambaye hamwiti kwa jina lake. Anamwita Kunguru, kama watu wanavyowaita wachezaji wa Mazembe, na kila mara timu yake inapofungwa anamfukuza kwenye ukuta kwa kumtupia kiatu. Kiatu tunakirudisha kesho yake asubuhi, naye anakipokea bila neno.

Jina la Kapita alipewa na nkambo. Kwa vijana wasiojua, kapita alikuwa ni msimamizi wa kazi wa zamani, mkubwa wa kikosi kule kwenye migodi na kwenye reli, anayetembea mbele ya wafanyakazi, mikono nyuma, anaangalia kila kitu na hagusi kitu. Paka wetu alitembea hivyo tangu alipokuwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kikombe. Nkambo alimtazama akipita mbele ya mabeseni ya nguo, mkia juu, akasema: “Huyu atatufukuza kazi sisi wote.”

Sisi tuko wanne ndani ya lupango: nkambo, sisi mabinti zake wawili, na mtoto. Nkambo ni mama yetu wa kutuzaa, ila tangu mtoto aingie ndani ya nyumba tunamwita sote nkambo, kama yeye anavyomwita. Habari hii tunaiandika pamoja. Mmoja anashika kalamu, mwingine anasahihisha, na nkambo anasikiliza na kukataa nusu ya maneno.

Kapita tulimleta juu ya panya. Mnajua bei ya unga wa mahindi hapa Lubumbashi inavyopanda kila Zambia inapofunga njia. Mtu akipata mfuko wa kilo 25 anaulinda kama mtoto mchanga. Mfuko wetu ulikaa juu ya meza, umefunikwa na kitenge, na bado kila asubuhi tulikuta kitundu kipya na mavi ya panya pembeni. Dawa ya panya tuliikataa, maana kuna mtoto nyumbani na kuku wa majirani wanaingia saa wanayotaka. Mama mmoja wa likelemba yetu alikuwa na paka aliyezaa watano chini ya kitanda. Akatuletea mmoja ndani ya kikapu, nasi tukampa kipande cha sabuni ili asirudi mikono mitupu.

Ndani ya wiki mbili panya walihama. Tunasema walihama, hatusemi waliisha, kwa sababu mama wa lupango la pili alianza kutuambia kwamba kwake wameongezeka.

Kazi hiyo moja Kapita anaifanya vizuri. Mengine yote ni fujo. Ndakala akizisikia zinamwagwa kwenye sahani, hata kama alikuwa amelala kwenye paa la jirani, anafika kabla ya chumvi. Amejifunza kusukuma kifuniko cha sufuria kwa kichwa, polepole, kiasi kwamba hakianguki, na tukirudi tunakuta kifuniko mahali pake na samaki hawapo. Nguo zilizofuliwa zikiwa bado ndani ya beseni, hapo ndipo pa kulala. Alhamisi, wakati wa likelemba, anatulia kwa nje mpaka mwandishi afungue daftari. Hapo anakuja kukaa juu ya ukurasa wa wiki, katikati ya majina. Siku moja noti ya franka 500 ilipotea mezani na wamama wakaanza kuangaliana vibaya. Ilipatikana siku ya tatu chini ya kabati, imetobolewa na meno. Na katika mwezi wa saba, baridi ya kipwa inapokaza, analala karibu na mbabula hadi mkia unanuka moshi, kiisha anakuja kujifuta kwenye kitenge cha mtu anayejiandaa kwenda misa.

Matembezi yalianza kwa sababu ya tansio ya nkambo. Munganga alimwambia atembee nusu saa kila siku. Nkambo alimjibu kwamba yeye ametembea na beseni kichwani hadi soko ya Kenya na kurudi kwa miaka mingi kuliko umri wa munganga, na kwamba miguu yake imekwisha kulipa. Tulimbembeleza wiki nzima. Alikubali siku moja, akakataa siku iliyofuata. Siku ya tatu sisi tulikuwa tayari mlangoni, tumekata tamaa, na Kapita akapita katikati ya miguu yetu, akatoka kwenye avenyu, akasimama, akageuka kutuangalia. Nkambo akacheka mpaka akakohoa. “Kama kapita ametoka,” akasema, “kazi imeanza.” Akavaa viatu.

Tangu hapo, kila siku saa kumi na mbili ya jioni, jua linapokwenda kuzama, tunatoka. Mtu asiyeijua Kamalondo atafikiri hakuna kitu cha kuona. Ni komini ya zamani, wakati wa wazungu iliitwa Albert, na nyumba zake zimekaribiana hivi kwamba ukipika sombe bila mafuta lupango la tatu wanajua. Tunapita kwa mama wa munkoyo anayefunika ndoo yake na kitambaa cheupe. Tunapita kwa fundi wa nguo, mashine yake bado iko nje. Tunapita kwa wale vijana wa makala wanaofika kutoka porini na mifuko mitatu juu ya kinga moja, miguu yao imekuwa nyekundu ya vumbi hadi magotini. Tukifika karibu na uwanja wa Mazembe, ule uliofunguliwa mwaka 2011, nkambo anapumzika kwenye jiwe, kiisha tunarudi kwa avenyu nyingine. Siku ya mechi hatufiki huko. Kapita anaogopa tarumbeta, na kelele za bao anazisikia kabla yetu, tunaona masikio yake yanageuka.

Paka kutembea na watu kama mbwa, wengi hawajaona. Huyu anakwenda mbele, mita tano ama sita. Anachungulia kila mlango uliofunguka. Tukichelewa kwa maamkio anakaa chini kutungojea, na tukichelewa sana analia. Watoto wa mtaa walianza kutufuata. Wengine waliweka saa ya chakula kwa kupita kwetu: “Kapita amepita, weka maji ya bukari motoni.”

Sasa tuseme juu ya mtoto.

Ana miaka tisa. Jina lake hatuliandiki hapa. Ni mtoto wa yaya yetu. Mama yake alikufa, baba yake akaoa tena, wakaishi Kolwezi kwa ajili ya kazi ya mgodi. Mtoto alikuwa anakojoa kitandani, na usiku alikuwa anaongea ndani ya usingizi. Yule mke mpya alipopoteza mimba, mtu fulani katika chumba fulani cha maombi akasema kwamba aliyeila mimba ni mtoto. Wakamfungia humo siku tatu bila chakula, ili aseme. Akasema. Mtoto mwenye njaa ya siku tatu atasema kitu chochote unachotaka kusikia.

Habari ilipotufikia, nkambo hakungoja mtu. Alipanda gari la kwenda Kolwezi, karibu kilometa 300, na tansio yake na kikapu chake, akarudi na mtoto siku iliyofuata. Hakutuambia waliongea nini huko. Alituambia tu tupashe maji moto.

Mwezi wa kwanza mtoto alijibu ndiyo na hapana. Alikula haraka, mkono mmoja ukifunika sahani. Aliyeongea naye wa kwanza ni Kapita. Usiku tulisikia kwa nyuma ya pazia sauti ndogo inayoeleza mambo: hesabu ya masomo, mbwa aliyemwona njiani, jina la mama yake. Paka alilala juu ya miguu yake na hakuondoka hata godoro lilipolowa. Asubuhi tulianika godoro bila kusema kitu. Kidogo kidogo kulowa kukapungua, na kwenye matembezi ya jioni mtoto akaanza kwenda pamoja na paka mbele, akituacha nyuma sisi wamama na hadithi zetu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, lile joto la kabla ya mvua, jakaranda zote za mji zimechanua na umeme umekatika usiku wa nne mfululizo, wakati neno lilipozaliwa. Mama wa lupango la mbele yetu ana mtoto mchanga, na mtoto huyo alikuwa na homa. Usiku yule mama alitoka na torshi ya telefone kuchota maji, akaona juu ya ukuta wake macho mawili ya kijani yanawaka. Na chini ya ukuta, kwenye giza, mtoto mwenye shati jeupe anaita polepole: “Kapita, kuja. Kapita, kuja.”

Basi. Asubuhi macho yalikuwa mawili. Saa sita mchana yalikuwa manne. Jioni ilikuwa imejulikana kwamba mtoto anageuka paka. Mtu akakumbuka kwamba kuku wake alikuwa na vifaranga saba na sasa vimebaki vitatu. Mtu mwingine akakumbuka kwamba mtoto huyu alitoka Kolwezi kwa sababu, na sababu yenyewe ikaongezwa chumvi. Watoto waliokuwa wanatufuata waliitwa ndani tulipopita. Mama wa munkoyo alitusalimia na macho kwenye ndoo.

Wamama, tuandike wazi. Neno hili mulozi likishika mtoto halimwachi kwa urahisi. Tumekwisha kuwaona wale wanaolala nje karibu na masoko ya mji wetu. Uliza wengi wao, utasikia hadithi moja: mama ama baba alikufa, nyumba nyingine, ugonjwa ama hasara, kiisha kidole. Hatutaki mtu afikiri tunaeleza mchezo wa paka.

Siku ya mungu, saa kumi alasiri, wakaja kwetu watu wawili: yule mama jirani, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, na baba mmoja mwenye kuombea watu, amevaa vizuri, ana adabu. Tuliwapa viti. Tuliwapa maji. Baba akaeleza kwa sauti ya chini kwamba hawana ubaya na familia yetu, kwamba wanataka tu kutusaidia, na kwamba mtoto apewe kwao siku tatu, afunge na kuombewa, na paka aondolewe. Mtoto alikuwa nyuma ya mlango. Tuliona vidole vya miguu yake chini ya pazia.

Nkambo alimwacha amalize. Kiisha akamwambia: “Baba, tunakushukuru kwa kufika. Huyu mtoto amekwisha kufunga siku tatu, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Hatafunga tena mimi nikiwa hai.” Akamgeukia yule mama. “Na wewe mwanangu, mtoto wako, wamempima damu?”

Mama akajibu kwamba wamempaka mafuta.

“Nimeuliza damu.”

Hakujibu. Baba akasimama, akaaga. Nkambo akatazama saa ukutani, akaomba viatu vyake.

Sisi wawili, tuseme ukweli, tulifikiri jioni ile tungebaki ndani na kufunga mlango. Nkambo alikuwa na mawazo mengine. Alimwita mtoto, akamfunga kifungo cha shati, lile lile jeupe, akamshika mkono. Kapita alikuwa amekwisha kutoka. Tukatembea. Hatujawahi kutembea polepole vile. Kwenye kila lupango nkambo alisimama akaamkia watu mmoja mmoja, baba fulani, mama fulani, habari ya mguu, habari ya binti yenu wa Likasi, na kila mara alimwambia mtoto: “Salimia.” Mtoto alisalimia. Sauti haikutoka kwa wa kwanza wala kwa wa pili. Kwa fundi wa nguo ilitoka, na fundi akajibu, akamuuliza yuko darasa la ngapi. Tungependa fundi huyo ajue kwamba hatujasahau.

Tukafika kwa mama jirani. Alikuwa mlangoni, mtoto mchanga kifuani. Nkambo akaweka mkono kwenye paji la uso la mtoto, akaurudisha kama mtu aliyegusa mbabula. “Tunakwenda kituo cha afya,” akasema. “Sisi tunatembea, hata hivyo. Ukitaka, tembea na sisi.” Akaendelea bila kungoja jibu.

Hatukujua kama atakuja. Tulipofika pembeni, tuligeuka: alikuwa nyuma yetu, mita chache, mtoto mgongoni, kitenge kimefungwa ovyo, hatuangalii. Hivyo tukaenda, paka mbele, nkambo na mtoto, sisi wawili, na mama yule nyuma, na mtaa mzima ukitazama. Kapita alifika hadi kwenye njia kubwa ya magari, akakaa chini, akakataa. Tulimwacha hapo.

Kituoni walipima damu, wakakuta malaria. Wakasema kwamba usiku mmoja zaidi ungekuwa mwingi. Alibaki na dawa siku tatu. Siku tatu, zile zile zilizoombwa kwa mtoto wetu, ila hizi zilikuwa na serumu na chakula cha mgonjwa tulichopika zamu kwa zamu.

Hatusemi kwamba mambo yaliisha siku ile. Wiki zilizofuata watoto wengine bado walimkimbia. Mtu ambaye hatumjui alimpiga Kapita kwa jiwe, akarudi na mguu wa nyuma umevunjika, na jioni ile mtoto alilia kwa mara ya kwanza tangu afike Lubumbashi, kilio cha kelele, mpaka tukafurahi kumsikia analia. Daktari wa wanyama aliufunga mguu na vijiti viwili. Ulipona ukiwa umepinda. Sasa Kapita anachechemea na mwendo wake umelingana na wa nkambo.

Vifaranga navyo tuvieleze. Kimoja Kapita alikula kweli. Tulimwona na manyoya mdomoni na tukalipa siku ile ile. Vile vitatu vingine hatuvijui. Mwenye kuku mwenyewe, mvua ilipoanza, aliua kwenye mfereji panya wa urefu wa mkono wake, na tangu hapo hazungumzi tena juu ya vifaranga.

Alhamisi mbili baadaye, kwenye mkutano wetu, mama mwenzetu anayefundisha biolojia sekondari alileta jambo la macho. Alieleza kwamba nyuma ya jicho la paka kuna ngozi nyembamba inayorudisha mwanga kama kioo, ndiyo maana anaona katika giza kidogo ambamo sisi tunajikwaa, na ndiyo maana torshi ikimpiga macho yanawaka. Mwanadamu hana kioo hicho. Paka anaamka hasa jioni na alfajiri, saa ya panya, kwa hiyo mtu anayetoka usiku atakutana naye. Ni saa yake ya kazi. Kiisha mwalimu akawapa watoto telefone na kuwatuma nje. Walirudi wakikimbia: macho ya mbwa yanawaka, na macho ya mbuzi pia! Mama mmoja, yule anayeuzisha nyama, akasema: “Basi mimi ninauzisha walozi tangu mwaka 1998.” Tulicheka sana. Mama jirani alikuwa pale, amekaa karibu na mlango. Naye alicheka, kidogo.

Mama mwingine, aliyesomea sheria, akasimama na katiba mkononi, ile ya tarehe 18 februari 2006, akatusomea kipengele cha 41, kisha akakieleza kwa Kiswahili: kumtupa mtoto na kumtesa ni marufuku, na katiba inataja kwa jina hata kumshtaki mtoto kwa ulozi. Akasema pia kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 januari 2009 inaweka adhabu kwa anayefanya hivyo. Wengi kati yetu hatukuwa tumesikia kwamba neno hilo limeandikwa ndani ya katiba ya inchi. Baba aliyekuja kwetu na adabu yake, ikiwa mke wake anasoma karatasi hii, amwambie.

Kwa kuwa tangu hapo wamama wengi wameomba watoto wa paka, tujibu maulizo mawili yanayorudi. Mama mwenye mimba anaweza kukaa na paka, lakini mavi yake asiyaguse. Ndani yake mnaweza kuwa na kidudu ambacho mtu mzima hakimsumbui sana ila kinaweza kuharibu mtoto aliye tumboni. Mtu mwingine aondoe uchafu huo kila siku, kwa sababu kidudu kinahitaji siku moja na zaidi kabla ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Kidudu hicho hicho kinapita pia kwa nyama isiyoiva na kwa mboga zisizooshwa vizuri, kwa hiyo msimsingizie paka peke yake. Na paka ama mbwa akimuuma mtu, hasa mnyama msiyemjua, oshea kidonda hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa, kiisha nenda kwa munganga siku ile ile kwa sindano za kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukianza kuonekana hauna dawa. Kapita amechanjwa, alimkwaruza daktari.

Mtoto yuko sasa mwaka wa nne wa shule ya msingi. Godoro halianikwi tena, ama mara moja moja, mvua ikinguruma sana. Kwenye matembezi tumekuwa wengi: mama wa munkoyo anafunga ndoo yake mapema na kuja, na wamama wawili ambao munganga aliwaambia habari ile ile ya tansio. Baba wa Lupopo anatoka kwenye ukuta wake tukipita na kusema kwamba Kunguru wenu anachechemea kama mshambuliaji wenu. Mtoto anamjibu. Hatutaandika anamjibu nini.

Wiki iliyopita, jioni, mama jirani alimtuma binti yake mkubwa kwetu. Binti alisimama mlangoni akikunja vidole, akasema: “Nkambo, mama anaomba Kapita alale kwetu leo. Panya wameingia unga.”

Nkambo akasema paka si wake, aulizwe mwenyewe. Mtoto alifikiri kwa muda mrefu. Kiisha akaweka masharti: alale kwenye kitambaa, asifungiwe, na arudishwe kabla ya masomo. Akambeba Kapita hadi kule kwa mikono miwili, akaingia ndani ya nyumba ile, akakaa huko muda wa kutosha kunywa chai.

Asubuhi Kapita alirudishwa. Panya alikamata wawili. Na kulikuwa na ndakala kwenye sahani, zimefunikwa vizuri, na kifuniko kilikutwa mahali pake. Tumelipa vikombe viwili.